Malaria ya Mume Wangu

Mwaka 2016 mume wangu aliugua malaria mara 11. Idadi naikumbuka vizuri kwa sababu ugonjwa wenyewe nilikuwa nautunga mimi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yeye bado amelala na viatu miguuni, mimi nilikuwa natoka uani, nasimama nyuma ya tangi la maji ili watoto wasisikie, nampigia msimamizi wake wa kazi. "Shikamoo kaka. Samahani, baba watoto homa imempanda usiku, nadhani malaria imerudi. Nampeleka kupima." Upande wa pili naambiwa: "Marahaba. Pole sana shem, mwambie apumzike." Nikikata simu moyo unatulia, kama mtu aliyemaliza deni la watu.

Siku moja ya Novemba wenzake wakaja kumjulia hali. Niliwaona dirishani, watu wanne, wanauliza njia dukani kwa Mangi, na mmoja amebeba mfuko wa machungwa. Nilikuwa na dakika tatu hivi. Nilimvua shati lile lililonuka. Nikampaka dawa ya kuchua kifuani na shingoni ili harufu yake ifunike ile nyingine. Nikalowesha kitambaa, nikakikunja, nikamwekea kwenye paji la uso. Kwenye droo kulikuwa na pakiti tupu ya dawa mseto, iliyobaki tangu mtoto alipougua kweli. Nikaiweka juu ya stuli pembeni ya bilauri ya maji. Kisha nikaenda kufungua mlango nikiwa na uso wa mke aliyekesha. Uso ule ulikuwa wa kweli, kwa kuwa nilikuwa nimekesha.

Walikaa robo saa. Wakamwombea. Wakati wa kuondoka mmoja wao alinishikisha noti ya elfu kumi, akaniambia, "Shemeji, hii ya supu ya mgonjwa." Niliipokea, nikashukuru kwa mikono miwili.

Kwa miaka mingi niliposimulia habari hizi niliziita habari za pombe ya mume wangu. Leo naandika habari zangu. Mimi sijawahi kuonja hata bia. Lakini nikitazama nyuma naona nilikuwa nimelewa kwa namna yangu, na ulevi wangu ulikuwa yeye.

Tulikuwa tumepanga Tabata, Dar es Salaam, vyumba viwili na baraza. Yeye ni fundi umeme wa majengo, mimi ni mshonaji, nina cherehani mbili pale barazani. Kinywaji chake wakati ule kilikuwa viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyokuwa vinauzwa kila kibanda, kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Niliviokota ndani ya soksi, ndani ya kofia yake ngumu ya kazi, nyuma ya picha yetu ya harusi. Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, mimi nilipiga magoti nikashukuru. Nilidhani yamekwisha. Haikupita wiki mbili nikakuta chupa ndogo ya kioo imefukiwa kwenye ndoo ya mchele.

Nakumbuka nilivyokasirika siku ile, na sasa najua hasira ile ilikuwa ya nini. Matumaini yangu yote nilikuwa nimeyaweka kwenye kitu cha kuja kutoka nje: sheria, msimamizi mpya, mtoto wa pili, maombi ya kufunga siku 21, kuhama mtaa. Kila kimoja nilikisubiri kwa imani kabisa. Na kila kimoja kilipopita niliongeza bidii. Niliamka mapema zaidi, nikampikia uji wa kutoa mning'inio wa pombe, nikamlipia madeni kwenye vibanda vinne, nikakopa kwenye kikoba kufidia fedha za saiti alizokunywa. Mara mbili nilichukua mkopo wa simu kulipa mkopo wa simu. Wifi yangu alisema mbele za watu kwamba kaka yake amepata mke wa dhahabu. Sentensi ile iliniweka mjini mwaka mzima.

Kuna daftari nataka kulieleza. Washonaji wengi tuna kaunta buku la vipimo: jina la mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini. Langu lilikuwa hivyo upande wa mbele. Ukiligeuza, ukaanza nyuma, unamkuta mume wangu. "Jumatano. Karudi saa nne na robo. Macho mekundu. Kala kidogo. Elfu kumi na mbili haipo." "Ijumaa. Hajanywa? Kacheka na watoto. Kalala saa tatu." "Jumamosi. Kasema hajanywa, kanywa." Kurasa kwa kurasa, miaka minne. Nilikuwa nikiandika usiku kwa mwanga wa simu, nikiamini kwamba nikikusanya ya kutosha nitaona mpangilio, nitajua ni siku zipi na kwa sababu gani, na nikishajua nitaweza kuzuia.

Tabia hii sikuianzia Tabata. Nimezaliwa Kilosa, mtoto wa kwanza kati ya sita. Baba alifanya kazi reli, na alikunywa gongo. Jioni nilikaa jikoni na mama, yeye anasonga ugali, mimi nasikiliza baiskeli. Baba akifika akaishusha stendi, ikakaa mara ya kwanza, basi usiku utakuwa mwema: atauliza ya shule, atakula, atawasha redio. Stendi ikigonga mara mbili, mara tatu, kisha baiskeli ikaegemezwa ukutani, mimi nilikuwa nimeshawakusanya wadogo zangu na kuwaingiza chumbani kabla hajashika kitasa. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na miaka saba. Majirani walinisifu: huyu binti mama mdogo kabisa, huyu atamfaa mume.

Nikamfaa kweli. Kwenye kitchen party yangu somo alinipa maneno ambayo wasichana wengi mnayajua: mume ni mtoto wako wa kwanza. Watu wakapiga vigelegele. Namheshimu yule mama, na mengine aliyonifundisha yamenisaidia hadi leo, ila kauli ile naikataa mbele ya yeyote. Mwanamume wa miaka 38 ukimfanya mtoto wako, wewe unapata kazi ya kudumu na yeye anapata ruhusa ya kudumu. Na wahenga walishatuambia, hata kwa mtoto wa kweli: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hali hii ina jina. Wataalamu wetu wengine huiita utegemezi mwenza, wengine husema tu kodependensi. Chimbuko lake ni Marekani, kwenye nyumba za walevi. Mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote walevi, walianza kusaidiana wasinywe, na hapo kikazaliwa kikundi cha Alcoholics Anonymous. Kinachonigusa mimi ni habari ya Lois, mke wa Bill. Huyu mama alihangaika na mumewe kwa miaka mingi, akifanya kazi kulisha nyumba, akiamini siku moja upendo wake utamponya. Bill alipoacha, hakuponywa na Lois. Aliacha akiwa na watu wengine, walevi wenzake. Siku moja Bill akamhimiza wasichelewe mkutano, na Lois akamrushia kiatu. Mume hanywi tena, jambo aliloliomba miaka yote, na yeye ana hasira ya kurusha kiatu! Alipotulia akajiuliza kwa nini. Mwaka 1951, yeye na mama mwingine waliunganisha vikundi vya familia za walevi chini ya jina moja, Al-Anon, ambako mke au mama haendi kujifunza namna ya kumbadilisha mlevi. Anaenda kwa ajili yake mwenyewe.

Niliposoma habari ya kile kiatu niliweka simu chini nikalia. Maana nilijijua. Zile Ijumaa chache alizorudi hajanywa, mimi sikuwa na raha niliyoitegemea. Nilizunguka nyumba sijui nishike nini.

Baadaye wazo hili lilitoka nje ya pombe. Mwaka 1986, huko Phoenix, Arizona, kikaanza kikundi cha watu wenye utegemezi wa aina hii hata kama hakuna mlevi nyumbani. Mwaka huohuo daktari wa akili Timmen Cermak alipendekeza uingizwe kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani. Haukuingizwa. Nami nadhani ilikuwa sawa, kwa sababu nimeona watu mitandaoni wanalitumia neno hili kama rungu. Mama anayemgeuza mzee mwenye kiharusi kitandani kila saa mbili, wanamwambia ana kodependensi. Kaka anayewasomesha wadogo zake watatu, wanamwambia hajui mipaka. Hapana. Sisi tumelelewa kubebana. Mimi nilisomeshwa kwa ng'ombe wa mjomba na sitaki mtu aniambie mjomba alikuwa mgonjwa.

Tofauti nimeitafuta muda mrefu, na naiona hapa. Msaada wa mjomba ulipunguza uhitaji wangu kwake kila mwaka. Msaada wangu kwa mume wangu ulimfanya anihitaji zaidi kila mwaka, na ndani ya moyo wangu, mahali nisipopenda kupaangalia, nilitaka iwe hivyo. Nilimlipia deni kwa sababu mimi sikuweza kustahimili kumwona akidaiwa. Nilidanganya kazini kwa sababu mimi sikuweza kustahimili asubuhi ile ambayo angefukuzwa. Hofu ilikuwa yangu. Nikaiita uvumilivu, nikaiita heshima ya ndoa, nikaiita kumsitiri mume.

Na jambo lingine niliseme wazi, maana wasomaji wangu wengi ni wanawake: kama unapigwa, usikae hapa kujichunguza kama una utegemezi. Anayepiga ndiye mwenye kosa. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda, na kabla ya kwenda mwambie mtu mmoja unayemwamini. Mume wangu hakuwahi kuninyooshea mkono. Naandika kwa anayefanana na mimi.

Sasa nieleze kosa langu kubwa kuliko yote. Pasaka ya 2018 niliamua kumwachisha pombe mwenyewe. Watoto niliwapeleka kwa dada yangu Mbagala. Ijumaa Kuu asubuhi nikafunga mlango kwa kufuli, funguo nikaziweka kwenye sidiria, nikamwambia: siku tatu hutoki. Alikubali, hata aliniomba nisimwonee huruma. Nilikuwa nimenunua nyama, maziwa, ndizi, juisi. Jioni alianza kutetemeka mikono, kijiko kinagonga sahani. Usiku jasho lililowesha godoro. Nilikaa pembeni nikimpepea kwa kanga, na naungama hapa kwamba nilikuwa na furaha. Niliona nashinda. Jumamosi saa nne asubuhi alikakamaa, macho yakapinduka, mwili ukaanza kurushwa sakafuni. Nilishindwa kufungua kufuli kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Jirani alivunja komeo.

Hospitali daktari alinieleza kwa upole. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, ubongo wake umeshaizoea pombe. Ukiikata ghafla ubongo unachachamaa. Kati ya saa 6 na 48 tangu tone la mwisho anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona watu wasiokuwepo, moyo kwenda mbio, na wengine hufa. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo huachishwa chini ya uangalizi, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu na vitamini B1. Tafadhali, kama una mtu nyumbani, hili likumbuke hata ukisahau mengine yote niliyoandika. Mimi nilikaribia kumuua mume wangu kwa kumpenda.

Siku ya tatu wodini alikuja afisa ustawi wa jamii, mama wa makamo, ana faili. Aliuliza maswali yake kuhusu mgonjwa, nami nikajibu yote bila kufikiri: ananywa nini, kiasi gani, tangu lini, anakula nini, analala saa ngapi. Nilikuwa najibu kama mwanafunzi aliyesoma. Akafunga faili, akaniangalia.

"Na wewe mama, unalalaje?"

"Siku hizi afadhali, juzi alilala saa tano mfululizo."

"Nimekuuliza wewe."

Nilifungua mdomo, halikutoka neno. Yule mama hakuniharakisha. Alivuta stuli akakaa. Mpaka leo sijui nililia muda gani.

Nyumbani nililitoa lile daftari nikalisoma lote, toka nyuma mpaka lilipokutana na vipimo vya wateja. Nilikuwa natafuta mstari mmoja unaonihusu. Katika miaka ile nilipoteza mimba, cherehani moja iliibiwa, mama yangu alifariki. Siku aliyokufa mama nimeandika: "Alhamisi. Hajanywa. Mungu asante."

Ningependa kusema kuanzia hapo nilibadilika. Sikubadilika. Alirudi nyumbani, akakaa wiki sita bila kunywa, akaanza tena, na mimi nikaanza tena nyuma ya tangi la maji. Familia za Al-Anon zina kauli tatu juu ya ulevi wa ndugu yao: sikuusababisha, siwezi kuudhibiti, siwezi kuuponya. Nilizikariri zote tatu huku nikimpigia simu msimamizi.

Kilichonigeuza ni binti yangu. Alikuwa na miaka tisa. Mama mkwe alipiga simu Jumapili, mtoto akaipokea, nami niko mlangoni na beseni la nguo. Nikamsikia: "Shikamoo bibi. Baba amelala, ana malaria kidogo. Mama amempa dawa. Hapana bibi, usije, anahitaji kupumzika." Sauti imetulia. Hata pale pa kunyamaza kidogo kabla ya "malaria" alipaweka. Hakuna aliyemtuma. Akakata simu, akaniona, akatabasamu akingoja nimsifu.

Niliisikia stendi ya baiskeli.

Jumanne iliyofuata saa kumi na mbili na nusu simu iliita, ni msimamizi. "Shem, za asubuhi? Mzee yuko wapi, tuna kazi ya kuvuta nyaya leo." Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema malaria. Nikasema, "Yupo. Subiri nimpe simu mwenyewe." Kutoka uani hadi kitandani ni hatua kama 12. Miguu ilikuwa mizito, tumbo linakata, nilihisi namfanyia mtu usaliti. Nikamwamsha, nikamwekea simu sikioni, nikatoka kwenda kuchemsha chai. Sikusikiliza alichosema.

Alipewa barua ya onyo. Miezi mitatu baadaye akaachishwa kazi. Naandika hili kwa sababu watu hupenda kusimulia kwamba ukiacha kumbeba mtu, anasimama. Wa kwangu alianguka kwanza. Kodi tulichelewesha, watoto walihama shule. Mama mkwe alikuja akakaa nami barazani, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, ukimwacha atakufa." Alisema kwa machozi, naye ana haki, ni mwanawe. Nilimjibu, "Mama, sijamwacha. Nimeacha kumficha." Hakunielewa, na kwa mwaka mzima hatukuzungumza vizuri. Ukoo ulisema nimepata bwana. Niliacha kulipa madeni ya vibanda. Nilipita kwa kila mwenye kibanda nikamwambia uso kwa uso, kuanzia leo mkopeshe ukijua mimi silipi. Mmoja alinitukana. Mwingine, mama mtu mzima, akaniambia, "Umechelewa, binti yangu."

Mume wangu mwenyewe alienda hospitali mwaka uliofuata, kwa miguu yake, amesindikizwa na fundi mwenzake aliyewahi kunywa akaacha. Mimi nilijua jioni. Niliona wivu, nisiseme uongo, nikamkumbuka Lois na kiatu chake. Tangu hapo ameanguka mara mbili na kurudi mara mbili. Tunaishi mbalimbali kwa sasa, amepanga chumba Kinyerezi, anafanya vibarua vya umeme, ada ya mtoto mdogo analipa yeye. Kama tutarudiana sijui, na naweza kulala bila kujua.

Mimi najifunza vitu vidogo. Mtu akisema "nina shida," nimejizoesha kunyamaza nimhesabie kumi kabla sijashika pochi, kwa sababu mara nyingi alikuwa hajaniomba kitu. Nimejizoesha kusema "nitakujibu kesho". Binti yangu aliwahi kuniuliza, tukiwa sokoni, "Mama, wewe unapenda samaki gani?" Najua mume wangu anapenda changu wa kukaanga, najua mdogo anachukia mifupa, najua mama mkwe hali pweza. Nikasimama pale kwenye meza za samaki nikitafuta jibu. Tulinunua kibua wa kujaribu.

Kaunta buku langu sasa lina wateja mbele na wateja nyuma.

Jumapili iliyopita alikuja kuwaona watoto. Nilikuwa barazani ya nyuma nadarizi gauni la mtu wa send-off, nimezama kwenye uzi. Niliponyanyuka kufuata mkasi sebuleni nikamkuta ameketi, kikombe cha chai kimeshafika nusu, binti yake anamwonyesha hesabu.

"Umefika saa ngapi?" nikamuuliza.

"Muda mrefu. Saa nzima sasa."

Geti letu ni la bati, halijatiwa grisi, linalia mtaa mzima. Sikulisikia.